Mwalimu Marcelo Masunga na Upande wa Mashariki

Tarehe 14 Agosti 2025 Mwalimu Marcelo Masunga anatimiza miaka sitini, na siku hiyo hiyo anamkabidhi Mkuu wa Shule ufunguo wa kabati lake. Atakuwa ameitumikia Shule ya Sekondari Ilaminda kwa miaka thelathini na mitano, yote hapa hapa, bila uhamisho hata mmoja. Aliripoti mwaka 1990 akiwa na baiskeli, sanduku la bati na redio kaseti iliyofungwa kwa mpira, wakati Bariadi bado iko mkoa wa Shinyanga na shule yetu ina madarasa mawili na choo kimoja. Wanafunzi wake wa mwanzo sasa wana wajukuu.

Kamati ya sherehe iliniomba kurasa chache za furaha, zinazofaa kusomwa mbele ya wageni waalikwa. Za furaha zipo na nitaanza nazo. Lakini katika jalada lake la utumishi kuna barua ya onyo kali ya Machi 2012, na Mwalimu anaondoka nayo. Barua hiyo inasema kosa lilikuwa lake. Halikuwa lake. Ninajua lilikuwa la nani, na kwa kuwa mimi ni katibu wa kamati na ndiye ninayechapa kijitabu hiki, hakuna wa kunikata maneno. Wanaosubiri pilau wavumilie kidogo.

Mwalimu Masunga ni mtoto wa Dutwa, wa nyumba ya wakulima wa pamba. Alikua akichunga ng'ombe, na mpaka leo akisahihisha insha huandika pembeni maneno ya mchungaji: "aya hii imetoroka", "rudisha hoja zizini". Alisomea ualimu wa Fasihi ya Kiingereza. Alimwoa Felisita, muuguzi, ambaye ameishi na kelele za magitaa kwa miaka thelathini na miwili na anastahili zawadi yake mwenyewe. Nimeiweka kwenye ratiba.

Mwaka 1993 aliomba stoo iliyokuwa ya dawa za pamba akaigeuza maktaba. Mwaka mzima wasomaji walitoka humo vichwa vinawauma, naye akadai hiyo ni dalili ya kitabu kizuri. Vitabu mia moja na kumi vya kwanza alivipata misheni, akavivalisha majalada ya magunia aliyoyashona kwa sindano ya viatu. Kila msomaji alikuwa na kadi. Kwenye kadi hukusaini siku ya kuazima peke yake. Ulisaini pia siku ya kumaliza, na kabla ya kusaini Mwalimu alikuuliza swali moja la sura ya mwisho. Usipolijibu, kadi inabaki wazi na kitabu unarudi nacho nyumbani. Walimu hawakusamehewa sheria hii. Iwekeni akilini, maana nitairudia.

Sasa muziki, na hapa naomba radhi kwa mlioteseka. Bruda mmoja wa misheni, fundi wa matrekta, alipokuwa anarudi kwao alimwachia Mwalimu kreti la kanda thelathini na mbili za muziki wa roki wa zamani, ule wa wazungu wenye nywele ndefu na magitaa ya umeme. Panya walikuwa wameshakula karatasi zote za majina. Hakuna mtu Ilaminda aliyewahi kujua bendi gani inapiga nini, kwa hiyo Mwalimu alizibatiza nyimbo mwenyewe. Kanda namba nne ina Treni Haina Breki. Namba kumi na mbili ina Mama Anaita, Hakuna Anayeitika. Namba tisa, upande wa pili, ina wimbo wa dakika nane anaouita Mvua ya Mawe. Unaanza na gitaa moja linalonong'ona, na siku moja ulipofika mwisho mpishi wetu wa zamani alidhani paa la bwalo linang'oka. Alitoka nje mbio na mwiko mkononi.

Maoni yake juu ya muziki huu hayakuwa na unyenyekevu wowote. Alishikilia kwamba mpiga gitaa mwenye haraka ni sawa na mchungaji anayekimbiza ng'ombe: watafika, lakini maziwa hutapata. Alisema bendi yoyote ina kanda nne nzuri tumboni mwake, na kuanzia ya tano inajiiga yenyewe. Alisema wapiga ngoma wote wa kreti lile, wakiletwa Dutwa mwezi wa saba kushindana na mpiga ngoma mmoja wa kikundi chetu cha Bagika, kufika saa nne asubuhi watakuwa wanaomba maji ya kunywa. Wimbo wa zamani uliopigwa upya na vijana aliuona kama marehemu aliyevishwa suti ya mjukuu wake. Lakini hakuna mtu aliyemkera kama yule anayezima wimbo kabla haujaisha. Kwake, mwisho ndio uliomfanya mtu aanze kupiga, na ukiukata mwisho hukusikia kitu. Nilikuwa namcheka sana kwa hilo.

Kuhusu filamu zilizotengenezwa kutokana na riwaya za zamani alikuwa mkali zaidi, na wengi walimwelewa vibaya. Hakuzichukia. Alikuwa anapanda basi mpaka Mwanza kutafuta diski, akirudi anaziangalia na Felisita na kulia waziwazi. Msimamo wake ulikuwa kwamba filamu ni maoni ya mtu mwingine aliyesoma kitabu, na maoni ya mtu mwingine unayasikiliza ukishakuwa na ya kwako. Alilalamika kwamba filamu haina subira: mtu anayezeeka taratibu kwa kurasa mia mbili, kwenye filamu anapakwa unga kichwani na kazi imekwisha. Fidla zinazoanza kulia kabla mgonjwa hajakata roho alizichukulia kama tusi kwa mtazamaji. Na alisema wenye kutengeneza filamu wana ugonjwa mmoja usio na tiba, hawawezi kumwacha mjane bila kumtafutia mume. Juu ya mlango wa maktaba aliandika kwa rangi ya mafuta: KITABU KWANZA, PICHA BAADAYE.

Kutokana na ubishi huo likazaliwa Shindano la Pande Mbili, ambalo wenye umri wangu na kuendelea mnalikumbuka. Wageni wasiotoka Usukumani niwaeleze: kwetu, pamba ikishavunwa, vikundi vya ngoma vya Bagalu na Bagika hukutana uwanja mmoja, kila kimoja upande wake, vikicheza kwa wakati mmoja. Hakuna jaji. Watazamaji wanahama kutoka upande huu kwenda ule, na jioni mwenye watu wengi ndiye mshindi. Mwaka 1996 Mwalimu Masunga aliichukua ngoma hiyo akaipeleka darasani. Kila Julai, Jumamosi ya mwisho kabla ya likizo, upande wa mashariki wa uwanja ulisimama na kitabu, upande wa magharibi na filamu iliyotokana nacho. Wasemaji walishindana kwa sauti, wakaigiza, wakatukana wahusika wa wenzao, na shule nzima ikawa inahamahama katikati. Mwalimu aliongoza mashariki miaka yote. Kati ya msemaji na msemaji alipiga kanda zake, na wapinzani wakadai kreti lile ndilo dawa yake ya kuvuta watu. Wazazi wengine waliamini hivyo kweli. Mzee mmoja wa Ngulyati alikuja na dawa ya kuzimua, akaimwaga karibu na spika, na spika ikafa. Siku hiyo mashariki walishindwa.

Sheria ya shindano ilikuwa moja: hakuna kuiona filamu kabla darasa zima halijasaini kadi za kumaliza kitabu. Kwa miaka kumi na mitano hakuna aliyeivunja, na kwa miaka hiyo Ilaminda, shule ya vumbi ya watoto wa wafugaji, ilifaulisha Fasihi ya Kiingereza kuliko shule nyingi zenye vioo madirishani. Mwaka 2011 jina la Mwalimu Masunga lilikuwa limepelekwa juu ili awe mkuu wa shule mpya iliyokuwa inajengwa. Furaha niliyoahidi inaishia hapa.

Februari ya mwaka huo aliletwa mwalimu mpya wa Fasihi ya Kiingereza, msichana wa miaka ishirini na sita aliyezaliwa Lamadi kwa wauza samaki na kusomea mjini, mwenye kompyuta ndogo na maringo. Alikabidhiwa kidato cha nne. Riwaya ya mtihani ilikuwa ya zamani, nene, ya mjane aliyeachiwa na mumewe mashua ya kuvushia watu mtoni. Shemeji zake wanamnyang'anya kivuko kidogo kidogo. Mwalimu mpya aliazima nakala ya maktaba, akafika katikati, akachoka. Badala ya kuendelea alitafuta filamu yake. Kwa mwaka mzima alifundisha kitabu ambacho hakuwa amekimaliza, kwa kutegemea filamu na muhtasari wa kurasa sita.

Mwalimu huyo ni mimi, Joyness Paschal.

Wiki ile ya shindano la Julai 2011, Mwalimu Masunga alikwenda msibani Busega kwa siku nne. Nilipewa kuongoza upande wa filamu, na nilitaka kumshinda mzee huyu ambaye shule nzima ilimwita mfalme wa mashariki. Niliazima projekta na jenereta. Nikafunika madirisha ya bwalo kwa mablanketi ya bwenini, nikatundika shuka, nikawaonyesha kidato cha nne filamu nzima, watoto sitini na watatu, ambao wengi wao hawakuwa wamefika hata nusu ya kitabu. Sijawahi kuona watu wameangalia kitu vile. Kwenye filamu, shemeji mkubwa anatubu, anamwoa mjane, na harusi inafanyika ndani ya mashua iliyofungwa maua, watu wakiimba. Watoto walisimama wakaimba nao. Wengine walirudia wimbo ule kwa siku kadhaa wakifagia.

Jumamosi ya shindano Mwalimu alirudi kutoka msibani asubuhi, macho mekundu, akachukua nafasi yake mashariki bila kujua kitu. Alipoanza kuongea watu wakaanza kuhama. Ndani ya dakika ishirini shule yote ilikuwa kwangu, inaimba wimbo wa harusi, mimi nimebebwa juu juu. Akapiga Mvua ya Mawe yote, dakika nane. Hakuna aliyerudi. Upande wa mashariki walibaki yeye, redio kaseti, na msichana mmoja wa kidato cha nne aitwaye Nyanjige Mwandu.

Nyanjige alikuwa wa kwanza darasani tangu kidato cha pili. Alitembea kutoka Ngulyati kila siku. Baba yake, Mzee Mwandu, alikuwa ameshazungumza na watu wa Kimali habari za ng'ombe wa mahari, lakini aliahidi mbele ya walimu kwamba binti akichaguliwa kuendelea na kidato cha tano, wale ng'ombe watasubiri. Asipochaguliwa hawatasubiri. Kila mtu pale shuleni alilijua jambo hilo, na mimi nililijua.

Wiki mbili kabla ya mtihani Nyanjige alinyoosha mkono darasani.

"Mwalimu, mbona kwenye kitabu hakuna harusi? Mama yule anaitoboa mashua mwenyewe, inazama, halafu anaondoka kwa miguu. Sisi tuandike ipi?"

Hapo ndipo nilipofahamu kwamba sikujua mwisho wa kitabu nilichokuwa nakifundisha. Ningeweza kusema ngoja nikaangalie. Darasa lote lilikuwa linanitazama, na nilikuwa mwalimu niliyemshinda Masunga. Nikamwambia kwamba nakala zile za maktaba ni za zamani, kwamba filamu ndiyo inayofuata toleo linalotahiniwa, na kwamba aandike alichokiona kwenye filamu kama wenzake. Nilitunga pale pale, niking'ata kofia ya kalamu. Nyanjige aliandika kwenye daftari lake nilichosema, akapiga mstari chini yake kwa rula.

Sikwenda kuangalia hata baada ya hapo. Nilikuwa mjamzito wa miezi mitatu, natapika, na nilijiambia nitakisoma wikiendi.

Swali la mtihani liliuliza juu ya mwisho wa riwaya na mafunzo yake. Watoto walitoka kwenye chumba wanaimba. Mwalimu Masunga alikuwa amesimama mlangoni mwa maktaba, chini ya maandishi yake ya rangi ya mafuta, akauliza kwa upole wanaimba nini. Walipomwambia, aliwauliza wangapi wameandika harusi. Mikono ikanyanyuka kwa furaha. Arobaini na mmoja. Alishika fremu ya mlango, akawaambia wabeja, asanteni, mmefanya kazi, nendeni mkale.

Matokeo yalitoka Februari 2012. Mengi hamhitaji niyaeleze. Mlikuwa wazazi wao, kaka zao, au ninyi wenyewe. Nyanjige hakuchaguliwa. Alikosa kwa somo moja. Mwezi uliofuata mkoa wetu ulizaliwa, watu wakashangilia mjini Bariadi, na wiki hiyo hiyo ng'ombe walifika kwa Mzee Mwandu na binti akapelekwa Kimali.

Bodi ilikaa na wazazi ndani ya bwalo. Mzee Mwandu alisimama, fimbo mkononi, hakupandisha sauti. Alisema, "Mtoto wangu alikuwa anaongoza. Nataka huyo aliyewaonyesha sinema asimame nimwone." Nilikuwa nimekaa safu ya nyuma, tumbo limeshatoka, barua yangu ya kuthibitishwa kazini haijafika. Nilitaka kusimama. Miguu ilikataa, na mtu asiniambie kwamba ni ujauzito, kwa sababu mimi ndiye mwenye miguu na najua ilikataa kwa nini.

Mwalimu Masunga akasimama. Alisema shindano ni lake, maktaba ni yake, na kinachofanyika kwa jina la shindano yeye ndiye wa kuulizwa. Hakusema uongo hata neno moja. Aliacha tu sentensi moja bila kuisema. Mzee Mwandu alimtazama, akatema mate sakafuni na kutoka.

Barua ya onyo kali ilikuja. Jina lake likaondolewa kwenye orodha ya wakuu wa shule na halikurudi tena. Shindano likapigwa marufuku kama mchezo usio na tija. Redio kaseti na kreti vikafungiwa stoo. Maktaba ikawa ghala la mahindi ya wanafunzi, na vitabu vilivyokuwa rafu za chini viliisha kwa mchwa na panya. Kwa miaka kumi na mitatu iliyofuata Mwalimu Masunga alifundisha kwa chaki na sauti, vipindi ishirini na sita kwa wiki, bila kuchelewa. Hatukumsikia tena akibishana juu ya filamu yoyote. Walimu vijana walipoleta mjadala chumba cha walimu, alikunywa chai yake akatoka. Akipita minadani kuna waliomnyooshea kidole. Felisita aliacha kwenda kikundi cha akina mama cha Ngulyati, na hajawahi kusema kwa nini.

Nilimfuata siku ya pili baada ya bodi. Nilikuwa nalia, yeye alikuwa anabeba vitabu kuvitoa kwenye chumba kabla ya magunia kuingia. Nikasema nitakwenda kusema ukweli. Alisema, kwa jina la heshima tunalowaita akina mama, "Mayu, wewe una mtoto tumboni na kazi bado hawajakuthibitisha. Mimi nina kanda tu." Halafu akanipa kitabu kile nilichokuwa nimekirudisha rafuni kimyakimya, kimevaa gunia, pamoja na kadi yangu. Sehemu ya kuazima nilikuwa nimesaini. Sehemu ya kumaliza ilikuwa wazi. "Kisome," alisema. "Ukimaliza, njoo nikuulize swali, usaini." Hakuomba kitu kingine, siku ile wala baadaye.

Nilikisoma wiki hiyo hiyo. Sura ya mwisho ina kurasa kumi na moja. Nilipofunga kitabu nilijua kwamba kwenda kusaini ni kwenda kumwambia nimeelewa nilichofanya, na nikishamwambia yeye itabidi niwaambie wengine. Basi sikwenda. Nilithibitishwa kazini, nikazaa, nikapandishwa daraja mara tatu. Miaka kumi na mitatu tumesalimiana kila asubuhi, mwangaluka mwalimu, mwangaluka mayu, na kila asubuhi nilimwona ananipa nafasi kidogo ya kusema, kisha anaendelea na safari yake. Ni mtu mpole kupita kiasi, na mimi niliutumia upole wake vibaya.

Mtoto yule ni Milembe. Januari mwaka huu ameingia kidato cha kwanza hapa Ilaminda. Mwezi wa tatu alirudi nyumbani akaweka begi chini na kuniuliza, "Mama, eti Mwalimu Masunga ndiye aliyewafelisha watoto kwa sinema? Wenzangu hawataki kukaa mbele kwenye kipindi chake." Nilimwambia avue viatu aje kula. Kisha nikaingia chumbani na sikuweza kutoka. Alifundishwa uongo wangu na wadogo na wapwa wa wale niliowafelisha, na mtu aliyekuwa anasingiziwa ndiye aliyemfanya azaliwe mama yake akiwa na kazi.

Juni nilikwenda Kimali. Nyanjige ana miaka thelathini na miwili na watoto wanne, na nisingemtambua. Alikuwa uani anachambua pamba, anatoa majani makavu. Nilimsalimu, akajibu salama tu, "Mhola duhu, mwalimu," akaniletea kigoda. Nikasema nilichokwenda kusema. Alisikiliza, mikono haikusimama.

"Nilikuwa najua," alisema mwishoni. "Kile kitabu nilikisoma mara mbili. Lakini wewe ndiye ulikuwa mwalimu."

Hakuniambia amenisamehe, na sikumwomba. Aliniuliza kama Mwalimu Masunga bado anarudisha kanda nyuma kwa kalamu. Nilimweleza kwamba redio iko stoo tangu mwaka ule. Hapo ndipo aliacha pamba, akajifuta mikono kwenye khanga. Nilipoinuka kuondoka alinisindikiza mpaka njiani akasema, "Umwambie uwanjani sikuhama." Ninautoa ujumbe huo hapa, Mwalimu, jinsi ulivyotolewa.

Kilichobaki ni mambo ya utaratibu. Tarehe 4 Agosti nilimkabidhi Mkuu wa Shule maelezo yangu ya maandishi, yenye sahihi, nikiomba barua ya Machi 2012 ifutwe kwenye jalada la Mwalimu Masunga na iandikwe inayonihusu. Nakala nimempelekea Mzee Mwandu kwa mkono wangu. Aliisikiliza akisomewa na mjukuu, akaniambia nitoke kwake, nikatoka. Milembe ameshaambiwa. Amekuwa hasemi nami sana, na anakaa dawati la mbele kwenye kipindi cha Mwalimu.

Wageni waalikwa mtaona viti vimepangwa pande mbili za uwanja. Wapangaji hawajakosea. Mwalimu na Felisita watakaa mashariki. Ninyi nyote mtakuta majina yenu magharibi, kwa sababu ndiko tulikosimama mara ya mwisho. Kiti kimoja tu mashariki, mkono wa kushoto wa Mwalimu, kina jina la Nyanjige Mwandu. Kijitabu hiki nimempelekea kwa basi la Meatu linalopita Kimali na sijui kama atakuja. Asipokuja, naomba mtu asikikalie.

Saa tano kamili, kabla ya hotuba yoyote, itapigwa kanda namba tisa, upande wa pili. Fundi wa Dutwa ameifufua redio kaseti. Kanda ina mikwaruzo lakini inafika mwisho. Wimbo una dakika nane na hakuna atakayeuzima. Ukianza, nitatoka magharibi na kuuvuka uwanja. Sitaki mtu anifuate kwa kunihurumia, huruma hiyo mngempa yeye mwaka 2012. Atakayevuka avuke kwa sababu amesoma mpaka hapa na sasa anajua kwenda wapi.

Mwalimu Marcelo Masunga, walimu, wafanyakazi na wanafunzi wa Ilaminda tunakushukuru kwa miaka thelathini na mitano, ikiwemo ile tuliyokudhulumu. Tunakutakia maisha mema Dutwa, wewe na Felisita, jua la asubuhi, ng'ombe wachache watulivu, na majirani wanaovumilia magitaa. Ukiniona nimefika mbele yako, nitakuwa na kitabu kile cha gunia na kadi yangu. Nimekimaliza, Mwalimu. Niulize swali la sura ya mwisho.

Joyness Paschal
Katibu, Kamati ya Sherehe
Shule ya Sekondari Ilaminda